Mstari wa Katikati

Mume wetu alipofariki tulikaa eda wawili, kila mmoja nyumbani kwake. Mimi nilikaa Magomeni, hapa Kilosa mjini, na mwenzangu alikaa Mikumi, kando ya barabara kuu. Nasema mume wetu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ananunua mpunga na mahindi vijijini, Mvumi na kwingineko, anapeleka Mikumi kuuza kwa wenye hoteli na wenye malori, na mtu akishakuwa na biashara sehemu mbili haichukui muda anakuwa na nyumba mbili. Mimi ndiye mke mkubwa. Sikujaliwa mtoto. Mwenzangu alijaliwa mmoja, binti, na baba yake alipofariki alikuwa bado hajaanza shule.

Eda yangu ilikuwa ya kimya. Watu walikuja, wakakaa kwenye mkeka, wakanitazama usoni, wakaondoka. Hakuna kinachotazamwa kama uso wa mfiwa. Ukilia sana wanasema anajionyesha, usipolia wanasema alikuwa anamwombea afe. Najua kwa sababu na mimi siku ya mazishi nilimtazama mwenzangu hivyohivyo. Nilikuwa naangalia kama machozi yake yana kweli.

Nilidhani eda ikiisha usingizi utarudi. Haukurudi. Nilifungua tena genge langu la nyanya, vitunguu na dagaa, nikauza, nikafunga, nikaswali, nikalala nikiwa macho. Nilikwenda zahanati wakanipima presha. Muuguzi akaniambia, "Mama, hizi dawa utameza, lakini jichanganye na watu. Changamka kidogo." Nikamwitikia ndiyo. Moyoni nikajiuliza huyu binti ananionaje, nimefiwa na mume halafu nichangamke.

Basi siku moja shemeji yangu alikuja. Huyu ni mdogo wake marehemu, analima Kidete, kijiji cha relini kule kando ya Mkondoa. Si mtu wa kuja bila sababu. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya genge, nikampa chai, akaipuliza muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "habari za mwenzako unazo?"

"Mzima. Tuliongea kwa simu juzijuzi."

"Alikwambia anacheza muziki?"

"Anacheza wapi?"

"Baa. Kila Jumapili. Kaburi la kaka yangu halijaota hata majani, mtu yuko baa anazungusha kiuno. Na hilo ni dogo. Mlangoni kwake kuna viatu vya mwanaume. Vikubwa. Jioni vipo, asubuhi vipo. Mtu wetu wa bodaboda ameviona kwa macho yake."

Nilianza kupanga nyanya upya, zile zilizokuwa zimeshapangwa.

Kwenye ukoo wa mume wangu hilo neno halina mjadala mrefu. Mjane akipata mwanaume mwingine, aende salama, lakini mtoto anarudi kwa baba zake. Shemeji aliniambia tena kana kwamba silijui. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitegemea.

"Tukithibitisha, mtoto tunamchukua. Ila mimi nyumbani kwangu wamejaa, unawajua. Tutakukabidhi wewe. Wewe ni mama yake mkubwa, uko mjini, shule ziko karibu. Utamlea."

Alijua anachofanya. Na mimi nilijua kuwa anajua, lakini haikusaidia. Kabla hajamaliza chai yake nilikuwa nimeshampangia yule mtoto pa kulala, na shule, na nguo ya sikukuu ya kijani, maana kijani kinampendeza. Nyumba yangu ina vyumba viwili na sauti moja, ya redio.

"Nenda ukakae naye siku chache," akasema. "Wewe ni mwanamke, utaona tusiyoyaona sisi. Halafu utakuja kuyasema kwenye kikao."

Nikakubali.

Nieleze kwanza kuhusu ngoma, isije ikadhaniwa sijui kitu. Mimi nimezaliwa Mvumi. Nimecheza ngoma ya mavuno, nimecheza ya harusi, nimechezwa mwenyewe nilipokuwa mwali. Ngoma hizo zina sababu. Mtu amevuna, mtu ameoa, mtu amekua. Unacheza, sababu inaisha, unarudi nyumbani. Iliyonitisha ni hii ya Mikumi, isiyokuwa na harusi wala mavuno. Jumapili mchana, watu wazima wanacheza nini? Redioni nimewahi kumsikia mtu akisema kucheza kunaondoa mawazo. Nikajiambia huyo ana ukumbi, anatafuta wateja.

Nilifika Mikumi bila kupiga simu. Ningepiga, kama kuna cha kuficha kingefichwa. Mwenzangu alikuwa anafua uani. Aliponiona aliinuka, povu likimtiririka mikononi.

"Dada! Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kuwaona."

Binti akaja mbio akapiga goti. "Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umerefuka."

"Nimekuwa mrefu kuliko jiko," akasema, akaenda kusimama karibu na jiko la mkaa ili nione. Nilicheka, na nilivyocheka nikajisikia mwizi.

Viatu nilishaviona kabla ya kubisha hodi. Yalikuwa makatambuga, vile viatu vya tairi la gari ambavyo wafugaji wanavipenda kwa kuwa havitoboki kwa miiba, yamewekwa kando ya mlango, pua zikielekea nje. Makubwa kweli. Marehemu alikuwa mtu wa mguu mdogo, na tena viatu vyake vyote viligawiwa ndugu siku ya kugawa nguo, nikiwepo. Haya hayakuwa yake.

Siku ile sikuuliza. Nilitazama. Nilitazama idadi ya vikombe vilivyokuwa karoni, misumari ya ukutani kama kuna shati, simu yake ikiita anaipokelea ndani au nje. Mwenzangu alikuwa amenenepa kidogo usoni. Ngozi yake ilikuwa imerudi. Mimi nilikuwa nimekonda mpaka gauni linanivuka bega, tumefiwa na mtu mmoja, na yeye anang'aa. Kama kuna kitu kilinifanya niamini maneno ya shemeji, si viatu, ni mashavu yake.

Usiku tulilala kitanda kimoja, mtoto katikati. Mwenzangu alishika usingizi kabla sijamaliza kusoma dua. Nililala nikisikiliza malori yakishusha gia, nikimsubiri huyo mwanaume mwenye viatu. Hakuja. Nikajiambia ametumiwa ujumbe asije, mgeni yupo.

Asubuhi, walipokuwa wamekwenda kisimani, nilichukua katambuga moja nikaliangalia. Chini lilikuwa na matope, mengine makavu na mengine mabichi. Lakini ndani hapakuwa na kitu. Kiatu ambacho mtu anakivaa kina alama zake, kisigino kinachimba shimo lake na vidole vinaacha weusi. Humu ndani tairi lilikuwa jeusi moja, na kingo zake bado zina makovu ya kisu cha fundi. Nikalirudisha kama lilivyokuwa, pua nje. Nilichanganyikiwa zaidi. Mwanaume gani huyu anatembea bila kukanyaga?

Nilimwona jioni. Alikuwa binti. Alivaa yale makatambuga, miguu yake ikipotea ndani, akaenda akiburuta mpaka pale maji ya kufulia yanapomwagwa, akazunguka kwenye tope kwa bidii kama mtu aliyepewa kazi, kisha akarudi akayavua na kuyapanga mlangoni.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nayachafua. Mama amesema yasionekane mapya."

"Kwa nini yasionekane mapya?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Ili mwizi ajue baba yupo."

Mwenzangu alikuwa amesikia. Alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Dada, hapa ni barabarani," akasema. "Wanapita watu wa kila namna. Ikijulikana mjane yuko peke yake na mtoto, mlango unagongwa. Ulishagongwa. Kwa hiyo nikaenda kwa fundi nikamwambia nitengenezee makatambuga ya mtu mrefu kuliko wote Mikumi. Akaniuliza, huyo mume mama unampata wapi, na mimi nimtafutie dada yangu? Nikamwambia we tengeneza."

"Na hawagongi tena?"

"Tangu hapo hawajagonga."

Nilimwamini nusu. Nusu nyingine niliiweka kwa ajili ya Jumapili.

Jumapili baada ya swala ya alasiri alivaa gauni la kawaida, akajitanda mtandio, akafunga mlango. Nilikuwa nategemea wanja na manukato. Hakupaka hata mafuta ya mdomo. Binti tulimwacha kwa jirani. Tulitembea kando ya lami, vumbi la malori likitupiga, mpaka kwenye baa moja yenye ua wa makuti nyuma. Mbele walikuwa wanachoma nyama. Nyuma kulikuwa na sakafu ya saruji, spika mbili, na viti vya plastiki vimesogezwa pembeni.

Watu walishaanza kujipanga. Wengi wanawake, wauza nyanya na vitunguu wa pale barabarani, mama lishe, wengine wana kanga kiunoni kama wametoka shamba. Wanaume wachache, watu wazima, mmoja dereva mstaafu mwenye kikohozi. Mmoja alikuwa mrefu sana. Huyo nilimtazama miguu. Alikuwa amevaa raba, na mguu wake, kwa urefu ule, ulikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea. Nilimtazama tena kwa uhakika zaidi mpaka akajiangalia miguu yeye mwenyewe.

Nilichagua kiti karibu na ukuta nikaagiza soda. Kiongozi wao alikuwa mama lishe mmoja mnene, mwenye sauti inayoweza kusimamisha lori. Akaja mpaka kwenye kiti changu, mikono kiunoni.

"Huyu askari umemtoa wapi?" akamuuliza mwenzangu.

"Si askari. Ni dada yangu. Mke mwenzangu, wa Kilosa."

"Mke mwenzako wa marehemu?" Sura yake ikabadilika. "Kwa hiyo na yeye mfiwa."

"Mfiwa."

"Pole, mama. Inuka. Hapa mfiwa hakai kwenye kiti."

"Mimi sichezi," nikasema.

"Nani kakwambia ucheze? Njoo usimame tu mstari wa katikati. Sisi tukigeuka, geuka. Usipogeuka tutakukanyaga, na mimi unaniona nilivyo."

Watu wakacheka. Nilisimama kwa aibu ili wasiendelee kunitazama. Na nikajiambia kuwa kutoka katikati nitaona vizuri kuliko kutoka ukutani, mwenzangu anashikwa na nani.

Wanacheza ule mchezo wa harusini, wa mistari, ambao watu wote wanapiga hatua moja na kugeuka pamoja. Mistari ilikuwa mitatu. Baadaye nilielezwa utaratibu wao. Aliyefiwa, au aliyeachwa, au aliyetoka hospitali, anawekwa mstari wa katikati, tena katikati ya mstari. Upande wowote mtakaogeukia, mbele yako kuna mgongo wa mtu na nyuma yako kuna mtu. Hakuna anayekuona uso. Anakaa hapo mpaka mwenyewe aseme sasa nataka kusogea pembeni. Hakuna anayemuuliza lini.

Hayo sikuyajua wakati ule. Nilichojua ni kwamba muziki ulianza na mgongo wa mbele yangu ukaenda kushoto, na mimi nikaenda kushoto kwa kuchelewa. Ukarudi, nikarudi. Nilikanyaga mtu. "Twende, twende," sauti nyuma ikasema, bila hasira. Tukageuka, na mgongo ukawa mwingine, wa muuza vitunguu, jasho limechora ramani kwenye gauni lake. Sijui ni wimbo wa ngapi nilipogundua kuwa nalia. Sikulia kwa kukumbuka chochote. Yalikuwa yanatoka tu, miguu ikienda. Tangu kifo kile ilikuwa mara yangu ya kwanza kulia bila mtu kunipima.

Mara moja, wakati wa kugeuka, yule dereva mstaafu alimshika mwenzangu mkono, akamzungusha, akamwachia. Nililiona. Nikaliweka akiba.

Jua lilipoanza kushuka kiongozi alizima muziki mwenyewe. Pale hawachelewi, si kwa sababu ya dini, ni kwa sababu ya tembo, ambao giza likiingia wanaweza kutokea hifadhini mpaka kwenye migomba ya watu. Kabla ya kutawanyika aliuliza kwa sauti nani hajaonekana Jumapili mbili. Wakamtaja mwanamke mmoja. Wakapanga nani ataenda kwake kesho yake, na nani atapeleka uji. Ilikuwa kama mwisho wa kikao cha kijiji, ila watu walikuwa wamelowa jasho.

Usiku ule nililala mpaka jua likatoka. Alfajiri ilinipita. Jambo hilo halijawahi kunitokea tangu nikiwa msichana, isipokuwa kwa kuumwa. Niliamka nimeogopa, mdomo mkavu, na wazo la kwanza lililonijia nitaliandika kama lilivyokuwa.

"Jana soda yangu alifungua nani?" nikamuuliza mwenzangu.

"Sijui. Mhudumu. Kwa nini?"

"Niliwekewa kitu."

Akakaa chini kwenye mkeka akacheka mpaka akajishika mbavu. "Dada, ulilala. Ulilala tu, kama watu."

Sikucheka. Jumapili iliyofuata, maana nilibaki mpaka iliyofuata, niliifungua soda yangu mwenyewe. Nililala tena.

Kikao kilifanyika Kidete, nyumbani kwa shemeji. Walikuwepo ndugu wa kiume wa marehemu, na shangazi yao, ambaye kwenye ukoo ule akisema ndiyo huwa ndiyo. Mwenzangu aliitwa pia, na mtoto wake. Walimkalisha mbali na mimi. Binti alikuwa amelala magotini pake, mdomo wazi, na kila mtu aliyekuwemo mle ndani alijua kuwa kinachoongelewa ni yeye, analala wapi kuanzia siku ile.

"Shemeji, sema uliyoyaona," shemeji akasema.

"Niulizwe, nitajibu."

Shangazi akadakia. "Anacheza?"

"Anacheza."

Wakaguna. Shemeji akawatazama wenzake.

"Baa?"

"Uani kwa baa."

"Anakunywa?"

"Soda ya machungwa."

"Wanaume wapo?"

"Wapo wachache. Mzee mmoja alimshika mkono wakati wa kugeuka, akamwachia. Nyimbo nyingine zina maneno ambayo mimi siyapendi. Walevi wanakaa mbele, wanachungulia."

"Na viatu?" shemeji akasema. Sauti yake ilikuwa tayari imeshinda.

Nikaeleza viatu. Nikaeleza fundi, na tope, na kazi ya mtoto ya kila jioni, na nilivyoangalia ndani nisione alama ya mguu. Mmoja wa ndugu alicheka, akajizuia. Mwenzangu alijifunika uso kwa mtandio. Nilidhani ni faraja.

"Kwa hiyo mwanaume hayupo," shangazi akasema.

"Mimi sikumwona. Nililala pale, nilitafuta, na nilitaka kumwona. Sikumwona."

Shemeji akasimama. "Amemlisha dawa huyu! Shemeji, wewe tulikutuma, sasa unatetea?"

"Kaa chini," shangazi akamwambia. Kisha akanigeukia. Ana macho madogo ambayo hayapepesi. "Wewe mwenyewe unamtaka huyu mtoto?"

Ningeweza kusema namtakia mema tu.

"Namtaka," nikasema. "Nilimtaka kabla ya kwenda. Namtaka na sasa hivi. Kwa hiyo nikimsema mama yake kwa ubaya, mnipime. Lakini nikisema hana mwanaume, aminini, maana sina ninachopata kwa kusema hivyo. Na jambo lingine sijaulizwa, ila mtalisikia. Na mimi nilicheza."

Hapo palikuwa na kelele. Mmoja alisema la haula. Shemeji alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kipofu. Nafikiri mpaka leo kuna ambao tangu siku ile heshima yangu kwao imepungua, na hiyo ni haki yao.

Shangazi aliwaacha wapige kelele mpaka wakachoka. Akasema mtoto hatolewi kwa mama yake kwa sababu ya makatambuga. Siku mama yake akiolewa watakaa tena. Akaomba chakula kiletwe.

Mtoto aliamka wakati wa kula, akaniletea kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake. Nilikila. Sikukisikia ladha.

Nje, tukingoja usafiri, mwenzangu hakunishukuru. Alisimama ametazama reli.

"Ulikuja kunipeleleza," akasema.

"Ndiyo."

"Ukalala kitandani kwangu."

"Ndiyo."

"Na viatu ukavisema."

"Waliniuliza."

"Ungesema hujui."

"Nilikuwa najua."

Akanigeukia, na macho yalikuwa mekundu kwa hasira. "Sasa Kidete nzima inajua. Kesho Kilosa inajua, keshokutwa Mikumi, kwamba kwangu hakuna mwanaume. Umeniachia mtoto, dada, halafu umefungua mlango."

Wakati wote wa kikao niliogopa kusema uongo, na nilipomaliza kusema kweli nilidhani kazi imeisha. Sikufikiria kwamba maneno yale yangetoka mle ndani na kusafiri kwa bodaboda.

Mwenzangu aliwaeleza wenzake wa mstari, na ndio waliotatua, si mimi wala ukoo. Jumapili iliyofuata, kabla ya kutawanyika, kiongozi alisema mlango wa huyu sasa uko wazi, nani analala kwake lini. Wakapanga zamu. Muuza vitunguu siku zake, mama lishe siku zake, na mume wa mmoja wao, yule mrefu, akawa anapita jioni akikohoa kwa nguvu nje ya dirisha na kuuliza kama umeme upo. Mimi niliposikia nilimpigia simu mwenzangu nikaomba Jumamosi.

"Njoo," akasema.

Miezi ya mwanzo ilikuwa zamu yake kunishuku. Hakuniacha peke yangu na mtoto. Nikimletea binti nguo, aliigeuzageuza kama anatafuta kitu kwenye pindo. Nikimsuka nywele, alikuja kukaa karibu. Hakukosea. Bado namtaka yule mtoto, na mtu anayetaka kitu chako inafaa umtazame mikono. Siku hizi ananiachia kwenda naye dukani. Tukichelewa anatoka mlangoni.

Kwa hiyo kila Jumamosi nafunga genge mapema, nashuka Mikumi, nalala pale, na Jumapili alasiri nakwenda uani kwa baa. Sisemi kwamba kucheza ni dawa. Dawa za presha bado nameza. Nasema kwamba usiku wa Jumapili nalala, na wa Jumatatu pia, na ikifika Ijumaa inaanza kupungua. Nasema nilipougua malaria nikakosa, walikuja watu wawili kutoka Mikumi mpaka Magomeni na uji kwenye chupa ya chai, wakati mkeka wangu wa msiba ulishasahaulika kwa majirani wa mlango wa pili. Hayo nimeyaona. Lakini pia nimeona mume mmoja akija kumtoa mkewe mstarini kwa kumvuta kanga, na nimeona mwenye baa akijaribu kuwauzia kina mama bia kwa kusema ni ya kutoa uchovu. Soda yangu naifungua mwenyewe mpaka leo. Mwenzangu amesogea mstari wa mbele. Mimi niko katikati bado, na hakuna aliyeniuliza.

Juzi shemeji alipiga simu. Tulikuwa hatujaongea tangu kikao.

"Nasikia kila wiki uko Mikumi," akasema.

"Kweli."

"Unafanya nini huko?"

"Nalala kwa mwenzangu. Na nacheza."

Nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele. "Na yeye?"

"Anacheza. Hakosei siku hizi, hata kugeuka."

"Na mwanaume?"

"Sijamwona, shemeji."

"Ukimwona?"

"Nitakwambia," nikasema, na mwenzangu, aliyekuwa anachambua mchele pembeni yangu, aliinua kichwa akanitazama, kisha akaendelea kuchambua.